Kwa nini onyesho linalowaka moto katika kaunti hupoa likifika kitaifa?

#1 Mkariri_wa_Zamani
Salamu kwenu nyote. Nina dai ambalo nimelibeba tangu nikiwa mwanafunzi, na sasa ninapomsindikiza mpwa wangu katika mazoezi yake, limenirudia kwa nguvu. Katika Tamasha la Kitaifa la Maigizo la shule na vyuo vya Kenya, onyesho la wanafunzi hufikia kilele chake katika ngazi ya kaunti, na kila linapopanda, kwenda kanda na hatimaye kitaifa, huzidi kupoa. Sisemi kwamba linaharibika. Maleba huwa yameboreshwa, mandhari ya jukwaani yamepakwa rangi upya, na hakuna anayegongana na mwenzake. Lakini ule moto uliowafanya watu wasimame huwa haupo tena.

Enzi zetu bado tulikuwa na wilaya na mikoa. Tulikuwa na shairi la kundi lenye mahali ambapo sauti zote zilikatika ghafla, kisha msichana mmoja wa mstari wa nyuma akauliza peke yake, kwa sauti ya chini, "Mama, nani amezima taa?" Wilayani ukumbi mzima uliganda. Kitaifa aliuliza swali lile lile, kwa kidatu kile kile, bila kukosea hata silabi, na hapakutokea lolote. Mtu alikohoa, tukaendelea na ubeti uliofuata. Naomba maelezo ya waliopitia hali hii, wawe walikuwa jukwaani, nyuma ya pazia au kwenye meza ya waamuzi.

#2 Bi_Kiitikio
Ahsante kwa mada. Mimi ni mwalimu na nimefunza mashairi ya kundi kwa muda mrefu, na kwangu jibu ni woga, ingawa si woga wa aina inayosemwa kila siku. Watu hudhani mwanafunzi mwenye woga husahau maneno. Aliyefika kitaifa hasahau. Maneno yamekwisha kuingia katika misuli ya kinywa. Kinachobadilika ni pumzi. Homoni ya adrenalini inapopanda, moyo huenda mbio, kinywa hukauka, na mtoto huacha kuvuta pumzi kwa tumbo, akaanza kuivuta kwa kifua cha juu. Pumzi fupi huzaa sentensi fupi, na kidatu hupanda bila yeye kujua. Shikeni saa mkononi: kundi lile lile, shairi lile lile, humaliza mapema zaidi kitaifa kuliko lilivyomaliza katika kaunti. Muda unaopotea hautoki katika maneno, hutoka katika vituo. Ule ukimya kabla ya "Mama, nani amezima taa?" yaelekea ulipunguzwa hadi hadhira ikakosa nafasi ya kushtuka.

#3 Fundi_Sauti
Ninamheshimu Mwalimu Bi_Kiitikio, ila mimi hufunga vipaza sauti katika kumbi, na ninaona tunamlaumu mtoto kwa kosa la jengo. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20 za selisiasi. Ukisimama mbele ya ukumbi ambao ukuta wake wa nyuma uko umbali wa mita 34, sauti yako huenda na kurudi kwa karibu sehemu ya tano ya sekunde. Huo ni muda wa kutosha kwa silabi ya pili kukutana na mwangwi wa silabi ya kwanza. Kundi la wakariri thelathini likisikia mwangwi huo, wa mbele huanza kuufuata na wa nyuma huendelea kumfuata kiongozi, konsonanti zikatawanyika. Hadhira husikia kelele nzuri isiyo na maneno. Katika kaunti, onyesho hufanyika katika bwalo la kulia la shule fulani, dogo, lililojaa watu hadi madirishani, na miili ya watu hunyonya sauti vizuri kuliko pazia lolote.

#4 Kidatu
Fundi, wewe kila tatizo la dunia hulitatua kwa kuongeza spika. Mwaka wetu sisi tuliigiza kwenye hema uwanjani, hapakuwa na ukuta wa nyuma wala wa mbele, na bado tulipoa kama kawaida. Mwangwi gani ulitupata pale, wa mbuzi?

Mimi nadhani jambo hili ni la kale. Tangu tamasha hili lilipoanza mwaka 1927 bila shaka kila kizazi kimelalamika hivi hivi.

#5 Mwamuzi_Mstaafu
Kidatu, tusahihishane kwanza. Mwaka 1927 ndio lilipoanza Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo fainali zake kwa desturi huwa katika likizo ya Agosti. Tamasha la Maigizo lilianza mwaka 1959, na fainali zake huangukia Aprili. Ni mikondo miwili, na hata uamuzi wake hautumii jicho moja.

Sasa kwa mleta mada. Nimekaa kwenye meza ya waamuzi katika ngazi mbalimbali, na jambo ninaloliona halijatajwa. Onyesho linalofika kitaifa si lile lililoshinda katika kaunti. Baada ya kila awamu, waamuzi husimama na kutoa maoni yao: mhusika huyu hakukua, mgogoro umechelewa kuingia, sauti za wavulana zimewameza wasichana. Mwalimu huandika yote, kisha anarudi shuleni na kurekebisha. Akifika ngazi inayofuata anakutana na jopo jipya lenye maoni mapya, mara nyingine yanayopingana na yale ya mwanzo, naye hurekebisha tena. Mpaka Aprili, mswada umeshonwa viraka na watu ambao hawajawahi kukutana. Nimewahi kuona mchezo ambao kijana mmoja alilia katika kaunti; katika kanda akaambiwa kilio kimezidi, akawa anafuta macho tu; kitaifa alisimama wima akitazama mbali kwa heshima kubwa. Kila shauri lilikuwa na mantiki yake. Mhusika ndiye aliyefariki.

#6 NgomaNgozi
Naongezea upande wa ngoma, kwa sababu nyote mnazungumza kana kwamba tamasha ni maneno matupu. Nilikuwa mpigaji katika ngoma ya ubunifu ya shule moja ya bara, na safari yetu ya kitaifa ilitupeleka Mombasa. Ngoma zetu ziliwambwa ngozi ya mbuzi katika hewa kavu. Tulipozishusha kwenye gari zilikuwa zimelegea kwa unyevu wa bahari. Ukipiga, zinatoa sauti ya mto wa kulalia. Kule nyumbani tungewasha moto wa nyasi kavu, tukazungusha ngozi karibu na miali hadi ikaze, na mpigaji angeigusa kwa kidole na kusikiliza kabla ya kuipitisha kwa mwenzake. Ndani ya ua wa shule ya watu, mlinzi hakuturuhusu kuwasha hata kiberiti. Tuliziegemeza juani, jua likaingia mawinguni, na zamu yetu ikafika. Wachezaji wetu walikuwa wakichukua mguu kutoka kwa ile ngoma kubwa. Ikiwa ngoma haisemi, mguu nao hauna cha kujibu.

Walimu wa Pwani nao husimulia kinyume chake: wakipanda Eldoret, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 20, na watoto huhema kabla ya wimbo wa tatu. Woga wa Mwalimu Bi_Kiitikio unaweza kuwa mwinuko tu.

#7 Bi_Kiitikio
Ndugu NgomaNgozi, hoja yako ya ngozi naikubali yote. Hiyo ya mwinuko inanishinda, maana shule zilizo Eldoret kwenyewe, zikicheza Eldoret, nazo hupoa zikitoka kaunti kwenda kanda. Hewa yao haikubadilika.

#8 Takwimu_Tupu
Samahani kwa kuingia na jambo kavu. Kuna uwezekano kwamba hakuna kinachopoa. Fikirieni namna onyesho linavyofika juu: huchaguliwa kwa sababu siku ile lilikuwa bora kuliko mengine. Ubora wa siku moja ni mchanganyiko wa uhodari wa kudumu na bahati ya siku hiyo: sauti zilikuwa safi, umeme haukukatika, aliyewatangulia alikuwa dhaifu. Ukichagua washindi, unachagua pia waliobahatika. Siku ya pili uhodari unabaki, bahati inagawanywa upya, na kwa wastani washindi wataonekana kushuka. Francis Galton alilieleza jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha vimo vya wazazi na vya watoto wao: wazazi warefu sana walipata watoto warefu, lakini kwa wastani si warefu kama wao. Hakuna aliyewaloga watoto hao.

#9 Kidatu
Kwa hiyo mwamuzi mkuu ni bahati, na Mwamuzi_Mstaafu alikuwa akila posho yake bure. Nimefurahi kujua.

#10 Mkariri_wa_Zamani
Takwimu_Tupu, hoja yako inaeleza kwa nini mtu angeshuka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tano, na hapo sina ubishi. Lakini mimi sikuuliza kuhusu nafasi. Nimeuliza kuhusu ukumbi ulioganda na ukumbi uliokohoa. Tena zipo shule ambazo hung'ara kitaifa mwaka baada ya mwaka. Bahati yao huwa inagawiwa na nani?

#11 Takwimu_Tupu
Hizo ni shule ambazo uhodari wao wa kudumu ni mkubwa kiasi kwamba bahati mbaya haiwafikishi chini. Na kuhusu ukumbi ulioganda, ukumbi nao una siku zake.

#12 MzaziMtulivu
Mimi ni mzazi tu, na sitaki kuonekana ninabeza elimu ya wataalamu, lakini je, mmewahi kuwaona watoto hawa asubuhi ya siku ya kitaifa? Binti yangu alisafiri usiku kucha ndani ya basi la shule akiwa amepakata mandhari ya mbao kwa sababu buti lilikuwa limejaa. Walilala darasani, magodoro yakiwa yamepangwa sakafuni, vumbi la chaki likiwa bado hewani, wasichana wa shule mbili wakigawana chumba kimoja na kuimba hadi usiku wa manane kwa furaha ya kukutana. Ratiba ilisema wao ni wa asubuhi. Walipanda jukwaani jioni, baada ya kukaa na rangi usoni mchana kutwa wakikatazwa kuigusa. Aliporudi nyumbani hakuwa na sauti, na kwa siku kadhaa alikuwa akitujibu kwa kuandika kwenye kijitabu. Katika kaunti waliigizia shule jirani, wakaenda kwa miguu, wakala mchana wa kawaida.

#13 Fundi_Sauti
Hili la Mzazi linagusa taaluma yangu pia. Vumbi na kukosa usingizi hukausha nyuzi za sauti, na wanafunzi wakikosa vipaza sauti vya kutosha hujaribu kuujaza ukumbi mkubwa kwa kupiga kelele. Koo likikwaruza, jambo la kwanza kupotea ni sauti ya chini. Yule msichana wa "nani amezima taa" huenda hakuwa tena na sauti ya chini ya kutumia. Mleta mada anasema kidatu kilikuwa kile kile, lakini kumbukumbu ya kidatu baada ya miaka mingi si kipimo.

#14 Kalamu_Nyekundu
Nashangaa tumefika hapa bila mtu kuitaja hofu nyingine, ile isiyo ya mwanafunzi. Maonyesho yanayowaka katika ngazi za chini mara nyingi huwaka kwa sababu yanasema jambo. Kadiri yanavyopanda, walimu na wakuu wa shule huanza kujiuliza nani atakuwa ameketi safu ya mbele, maana washindi wa kitaifa hualikwa kuigiza mbele ya Rais. Basi mstari huu unafutwa, jina lile linageuzwa, kiongozi mwovu wa mchezoni anahamishiwa nchi isiyojulikana. Wote tunakumbuka kwamba mwaka 2013 mchezo wa shule ya wasichana ya Butere ulizuiwa, hadi Mahakama Kuu ilipoagiza uruhusiwe kitaifa. Mwaka 2025 mchezo mwingine wa shule hiyo hiyo ulipitia mahakamani tena, na tarehe 10 Aprili, kule Nakuru, wasichana waliimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani bila kuigiza, huku nje polisi wakiwafyatulia watu vitoa machozi. Hayo ndiyo yaliyofika magazetini. Yale yanayokatwa kimya kimya kwa kalamu nyekundu ofisini hayafiki popote, na hadhira ya kitaifa hupewa mchezo uliong'olewa meno.

#15 Mwamuzi_Mstaafu
Ndugu Kalamu_Nyekundu, sitapinga ulichokisema kuhusu hofu, maana matukio hayo ni ya hadharani. Ila tuwe waangalifu tusiligeuze liwe jibu la kila kitu. Shairi la mleta mada lilihusu taa iliyozimwa nyumbani. Sidhani kama kuna ofisi iliyotetemeka. Michezo mingi inayopoa huwa inahusu mapenzi ya shuleni, mimba za mapema, mihadarati, au ukame, na hakuna anayeikata. Hupoa vivyo hivyo.

#16 Kalamu_Nyekundu
Mwalimu akishazoea kukata, hukata hata pasipo na haja. Tena wewe mwenyewe katika #5 umesimulia kilio kilichogeuzwa kuwa heshima. Mimi na wewe tunaeleza kalamu moja, tofauti ni aliyeishika.

#17 Msimulizi_wa_Kisii
Nimesoma uzi wote, ahsanteni. Mimi nilikuwa katika usimulizi, pale ambapo unasimama peke yako, huna kundi la kujificha. Kwangu tofauti ilikuwa hadhira. Katika kaunti, nilipoiga lafudhi ya chifu wetu watu walicheka kabla sijamaliza neno, kwa kuwa kila mmoja alimjua mtu anayezungumza hivyo. Kicheko kile kilinipa nafasi ya kumeza mate, kutembea hatua mbili, kuinua nyusi, na kile kinyusi kikaleta kicheko cha pili. Nusu ya usimulizi wangu iliandikwa na hadhira. Kitaifa niliiga lafudhi ile ile mbele ya watu kutoka Lamu, Turkana na Nairobi, nao wakanitazama kwa adabu, wakisubiri kujua ni kwa nini ninazungumza hivyo. Nafasi niliyoizoea ya kumeza mate ikawa shimo. Huenda swali la "nani amezima taa" nalo lilikuwa na kitu ambacho watu wa wilaya ile walikifahamu na wengine hawakukifahamu.

#18 Mkariri_wa_Zamani
Msimulizi, umenigusa. Mwaka ule wilaya yetu ilikuwa imekaa gizani kwa muda mrefu baada ya transfoma kuungua, na kila aliyekuwa ukumbini alikuwa ametoka katika nyumba yenye koroboi. Sikuwahi kuyaunganisha mambo haya mawili.

#19 Bi_Kiitikio
Hata hivyo, Msimulizi, woga haujaondoka. Uliogopa ukimya, ukaharakisha.

#20 Msimulizi_wa_Kisii
La, Mwalimu, nilipunguza mwendo. Niliendelea kuusubiri ule mcheko mpaka mtunza muda akaniashiria.

#21 Mwanasaikolojia_Mchanga
Kuna jambo linaloitwa kumbukumbu inayotegemea mazingira. Mwaka 1975 Godden na Baddeley waliwapa wapiga mbizi maneno ya kujifunza, wengine wakiwa chini ya maji na wengine nchi kavu, wakaona kwamba mtu hukumbuka zaidi akiwa mahali alipojifunzia. Wanafunzi wetu hujifunzia katika bwalo la shule yao. Bwalo la kaunti hufanana nalo, ukumbi wa kitaifa haufanani. Ningewashauri walimu wabadilishe mahali pa mazoezi: uwanjani, kanisani, hata ndani ya basi.

#22 Takwimu_Tupu
Ongeza sehemu ya pili ya kisa hicho. Mwaka 1980 watafiti hao hao walipowataka wapiga mbizi kuyatambua maneno yakiwekwa mbele yao, badala ya kuyakumbuka wenyewe, athari ile haikuonekana. Tena Mwalimu katika #2 amekwisha kusema kwamba kitaifa watoto hawasahau. Unaeleza ugonjwa ambao mgonjwa hana.

#23 Mwanasaikolojia_Mchanga
Nimelichukua la mwaka 1980. Lakini kinachokumbukwa jukwaani si maneno peke yake. Namna ya kusimama na hisia iliyokuwapo siku ya mazoezi nazo hukumbukwa. Hilo wapiga mbizi hawakuulizwa.

#24 Jua_la_Asubuhi
Naomba kuleta ushahidi wa upande wa pili, kwa kuwa nyote mnaafikiana na dai ambalo mimi silikubali. Katika ngazi za chini niliigiza vibaya sana. Niliigiza mama mlevi, na ukumbini walikuwapo shangazi yangu, mchungaji wetu, na mvulana ambaye sitamtaja. Kila nilipoyumba kilevi, niliyumba kwa tahadhari. Tulipita kwa nguvu za wenzangu. Kitaifa, katika mji ambao hapakuwa na mtu hata mmoja aliyenijua, nilianguka sakafuni kwa uzito wangu wote hadi kiatu kikaruka na kumfikia mwamuzi, naye akakiweka mezani kando ya karatasi zake na kuendelea kuandika. Sijawahi kuwa huru namna ile. Kwa hiyo hadhira inayokujua, ambayo Msimulizi anaililia, ndiyo iliyonifunga mimi.

#25 Kidatu
Kiatu mezani kwa mwamuzi! Mwamuzi_Mstaafu, hebu sema ukweli, hukuwa wewe?

#26 Mwamuzi_Mstaafu
Sikuwa mimi, na ningekuwa mimi ningelitoa alama za matumizi ya jukwaa lote. Ila nimwulize Jua_la_Asubuhi: kati ya kanda na kitaifa, mwalimu wenu alibadilisha nini katika mswada?

#27 Jua_la_Asubuhi
Hakubadilisha chochote. Alikuwa amejifungua, na aliyetusindikiza alikuwa mwalimu wa kemia, ambaye kazi yake ilikuwa kutuhesabu tunapopanda na kushuka basi.

#28 Kalamu_Nyekundu
Tazama sasa. Hakuna aliyekuwa na kalamu.

#29 NgomaNgozi
Au hapakuwa na ngoma ya ngozi katika mchezo huo. Mkariri, mpwa wako anashiriki kitengo gani, na kitaifa itakuwa wapi? Ikiwa kuna ngoma, mwambieni mwalimu wao aombe mapema, kwa barua, ruhusa ya kuwasha moto nje ya ukumbi, na wabebe ngozi ya akiba iliyokwisha kulowekwa na kukatwa.

#30 Mkariri_wa_Zamani
Yuko katika shairi la kundi, mstari wa nyuma. Kaunti ni wiki ijayo, na mwalimu wao amekwisha kuwaambia kwamba ukimya wa ubeti wa nne umezidi urefu.

#31 Bi_Kiitikio
Usimruhusu aukate. Nitumie shairi lenyewe kwa ujumbe wa faragha, niupime huo ukimya kwa saa.